Kopo la Mbegu

Juu ya kabati la vyombo nyumbani kwangu, hapa Temeke, kuna kopo la bati lililokuwa la maziwa ya unga. Limeshika kutu pembeni, na kifuniko chake hakifungi tena sawasawa. Marehemu mke wangu alilitupa mara mbili, na mara mbili nikaliokota jalalani. Wajukuu wanajua kwamba kopo lile haliguswi, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kuelezwa sababu. Nimeona niieleze humu, kwa kuwa ndani ya habari ya kopo hilo mna habari ya jinsi mji huu ulivyokuwa ukijilisha, na mna kosa langu ambalo nilikaa nalo zaidi ya miaka 40 bila kulisema.

Nilifika Dar es Salaam mwezi wa Januari 1974, nikiwa mwalimu kijana wa miaka 24. Nilizaliwa Kilimanjaro na nikasomea ualimu huko huko mlimani, katika chuo ambacho asubuhi tulikwenda darasani tumejikunyata kwa baridi. Kumbe mwalimu akishapata cheti hupelekwa popote, nami nikapelekwa shule ya msingi moja ya huku Temeke, ambayo sitaitaja kwa jina. Mji ulikuwa mdogo. Sensa ya 1967 ilikuwa imehesabu watu wapatao 272,000 tu. Leo, kwa sensa ya 2022, Mkoa wa Dar es Salaam una zaidi ya 5,300,000. Ukitoka Tandika ukienda upande wa Mbagala ulikuwa unapita katikati ya mikorosho, minazi na mashamba ya muhogo, na mabonde yote ya Kizinga na Mzinga yalikuwa ya mpunga na mboga. Ukienda upande wa Kinondoni hali ilikuwa hiyo hiyo katika bonde la Msimbazi na vijito vyake. Mchicha ulioliwa Kariakoo jioni ulikuwa umechumwa asubuhi hiyo hiyo, umbali wa mwendo wa miguu.

Msomaji aliyezaliwa baadaye huenda asijue uzito wa neno "shamba la shule" katika miaka ile. Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967. Mwaka 1972 likaja tamko la Iringa la Siasa ni Kilimo. Kisha mvua zikagoma. Msimu wa 1973/74 ulikuwa mbaya, uliofuata ukawa haukutupa nafuu, na serikali ikalazimika kununua nafaka nje kwa fedha za kigeni ambazo zilikuwa haba, kwa kuwa mafuta nayo yalikuwa yamepanda bei. Tukala unga wa mahindi ya njano, watu wakauita yanga. Ndipo likatangazwa lile neno ambalo mpaka leo likitajwa mbele ya watu wa rika langu wanajiweka sawa kwenye viti: Kilimo cha Kufa na Kupona. Kila kipande cha ardhi kilimwe, hata mijini, hata uani kwa ofisi. Na Novemba 1974 Azimio la Musoma likaongeza kwamba shule zijitahidi kuzalisha sehemu ya gharama zake. Mwalimu wa shamba akawa mtu mkubwa shuleni. Na mwalimu wa shamba nilikuwa mimi.

Sasa nije kwenye kopo. Kule chuoni palikuwa na stoo ya mbegu, na mkufunzi wetu wa kilimo alikuwa mtu wa utaratibu sana. Mbegu zote zilikaa katika makopo yenye vifuniko vya kubana, yamepangwa rafuni na kubandikwa karatasi zenye jina na tarehe. Nimeshuhudia mimi mwenyewe mbegu za kabichi za miaka miwili zikiota kama za jana. Nikaandika kwenye daftari langu kwa herufi kubwa: MBEGU HUHIFADHIWA KATIKA KOPO LILILOFUNGWA. Daftari hilo ndilo nililokuja nalo Dar es Salaam. Tulipovuna mbegu zetu za mchicha na bilinganya baada ya masika ya 1974, nikazianika alasiri moja juu ya bati, nikazitia kwenye kopo la maziwa, nikakandamiza kifuniko kwa kisigino, nikabandika karatasi yenye jina na tarehe, nikaliweka kopo kwenye rafu ya juu kabisa katika stoo ya shule, chini ya paa la bati, mahali ambapo panya na wanafunzi wasingefika. Nilijiona nimetimiza wajibu.

Mwezi Machi 1975, mvua za kwanza zilipodondoka, tulitengeneza matuta 30. Bwana shamba alikuwa aje, na pengine viongozi wa wilaya pamoja naye. Tukasia mbegu. Siku ya tano hakuna kitu. Siku ya kumi ziliota nyasi. Wiki ya tatu nikapanga darasa la sita mstari mmoja, nikauliza nani aliyekuwa na zamu ya kumwagilia siku ambazo mvua ilikatika.

Kiranja wa shamba alikuwa mvulana wa miaka kama 13, mwembamba, mtulivu, aliyekuwa akiishi na bibi yake bondeni. Nilikuwa na kinyongo naye tangu mwaka uliotangulia, kwa kuwa nilimkuta akikata vilele vya miche ya mchicha kwenye tuta la darasa lao, nikamkemea mbele ya wenzake kwamba anaharibu mali ya umma. Safari hii alisema walimwagilia kila siku. Nikamuuliza, kama mlimwagilia, mbona mbegu hazikuota? Akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, zile mbegu zilikuwa zimekufa."

Nilimchapa fimbo nne kwa uzembe. Halafu nikamwongeza mbili kwa jeuri.

Jumamosi iliyofuata nilisikia hodi mlangoni kwangu. Alikuwa mwanamke mtu mzima, amejifunga kaniki, mkononi ana kibuyu kidogo. Nikamwamkia, akaitika, nikamkaribisha kiti akakataa, akakaa kwenye kizingiti. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akasema, "Mwalimu, sikuja kugomba. Mtoto ni wako ukiwa naye shule. Nimekuja kuziona hizo mbegu." Nikamwendea kopo. Alipolifungua alilisogeza puani kabla hajatazama ndani, na uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu aliyenusa maziwa yaliyochacha. Akamimina kidogo kiganjani. Zile mbegu za mchicha, ambazo zikiwa nzima huteleza kama risasi ndogo nyeusi, zilishikana vijidonge. "Umezifunga mbichi, mwanangu," akasema. "Zimepikika."

Nikabisha. Nilikuwa na cheti. Yeye hakubishana. Akaomba kitambaa, akakirarua vipande viwili, akavilowesha na kuvikamua. Akahesabu mbegu 20 za kopo akaziweka kwenye kipande kimoja, na 20 za kibuyu chake kwenye cha pili. Akavikunja, akaviweka katika bakuli chini ya kitanda changu, akaniagiza niwe nanyunyizia maji kila asubuhi, nisizidishe. Siku ya nne nilivifungua. Za kibuyu zilikuwa zimeota 18. Za kopo haikuota hata moja. Mbili zilikuwa na ukungu.

Nilikwenda bondeni kumrudishia kibuyu chake, na hivyo ndivyo nilivyoanza masomo ambayo chuoni sikuyapata. Kwake nilikuta mbegu zimekaa jikoni. Vichala vya mahindi na maganda yake vilining'inia juu ya uchaga, vyeusi kwa moshi. Kunde zilikuwa kwenye mtungi, zimechanganywa na majivu yaliyochekechwa. Mbegu ndogo ndogo zilikuwa ndani ya vibuyu, navyo havikuwa juu ya moto bali pembeni, penye vuguvugu na kivuli. Alinieleza kwamba mchicha wa mbegu haukatwi kilele wala hauchumwi majani ovyo. Huchaguliwa miche iliyo bora tangu ingali midogo, ikaachwa pembeni mwa tuta. Vichwa hukatwa mbegu zinapoanza kudondoka zenyewe, huanikwa juu ya mkeka kivulini penye upepo, hupurwa, hupepetwa kwa ungo, kisha huanikwa tena siku nyingi, na kila jioni huingizwa ndani kabla ya umande. Bati hakulitaka kabisa. "Bati linaunguza nje, ndani maji yamebaki." Kunde alizipima kwa meno: ikipasuka kavu, ihifadhiwe, ikibonyea, irudi juani. Na kila mwaka alisia mbegu mpya akavuna mbegu mpya. Hakuwa na habari ya kuweka mbegu miaka miwili, wala hakuona sababu ya kufanya hivyo mahali ambapo mvua huja mara mbili kwa mwaka.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mwalimu mkuu, nilisoma maneno ya mtaalamu wa mbegu wa Marekani, James Harrington wa California, nikayanakili kwenye daftari lile lile chini ya maandishi yangu makubwa ya zamani. Anasema mbegu nyingi za nafaka na mboga, kila unapozipunguzia asilimia moja ya unyevu uliomo ndani yake, umri wake huongezeka mara mbili. Na kila unapopunguza joto la ghala kwa nyuzi 5 hivi za Selsiasi, huongezeka tena mara mbili. Akatoa na kanuni nyepesi ya kukumbuka: chukua joto la ghala kwa kipimo cha Farenhaiti, ujumlishe na unyevu wa hewa kwa asilimia, na jumla hiyo isizidi 100. Nilipiga hesabu ya Dar es Salaam. Joto la Selsiasi 27 ni Farenhaiti kama 80. Unyevu wa hewa yetu mara nyingi unapita asilimia 75. Jumla ni zaidi ya 150, na hapo sijaweka paa la bati la mwezi wa Februari.

Maana yake ni kwamba mkufunzi wangu hakukosea. Kule mlimani baridi ilikuwa inamfanyia nusu ya kazi, na nusu ya pili aliifanya mwenyewe kwa kuzikausha mbegu muda mrefu kabla ya kuzifunga, jambo ambalo alilifanya wakati wa likizo na sisi hatukuliona. Tuliona kopo tu. Kopo haliondoi maji. Kopo hulinda hali iliyomo: ukifunga ukavu, utakuta ukavu, ukifunga unyevu, mbegu hupumua humo ndani, hutoa joto na maji zaidi, na kuvu hupata nyumba. Majivu ya yule bibi yalikuwa yanafyonza unyevu na kumkwaruza fukusi ngozi. Moshi ulikuwa unakausha kila siku na kufukuza wadudu. Kibuyu chenyewe kinapumua. Yote hayo yalikuwa yamepimwa kwa hali ya pwani, na watu wa pwani, kwa vizazi visivyo na daftari.

Haikuwa mara ya kwanza maarifa ya mahali pengine kuja kushindwa hapa. Mimi nilizaliwa wakati Waingereza wanaangukia pua Kongwa na mpango wao wa karanga, ulioanza 1947 ukafutwa Januari 1951 baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Walikuja na matrekta na mbegu za meli nzima, wakakuta udongo unaokauka ukawa kama saruji na mvua isiyofuata kalenda ya ofisi ya London. Na kabla yao, mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vikonyo 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Hivyo 62, vilivyopandwa karibu na Pangani, ndivyo vilivyozaa mkonge wote uliokuja kuifanya Tanganyika ya kwanza duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Huwa nawaza: wangekufa na hao 62, Tanga ingekuwa mji wa namna gani?

Tena si mbegu zote zinazotaka ukavu, na hapa ndipo mwanafunzi mwerevu anaponaswa. Mbegu ya embe, ya fenesi, ya kakao na ya karafuu hufa ikikaushwa. Karafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na katika enzi ya Sayyid Said ikawa ndiyo tajiri wa visiwa. Kisha kikaja kimbunga cha Aprili 1872, kikang'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ikawa mbele. Watu husimulia habari hiyo kama habari ya upepo. Mimi huiona pia kuwa habari ya mbegu. Hakuna Mzanzibari ambaye angeweza kuwa na kibuyu cha mbegu za karafuu jikoni akisubiri siku ya maafa, kwa sababu mbegu ya karafuu ikikauka haifiki hata mwezi. Ghala lake ni mti wenyewe ulio hai.

Nimesema bibi hakuwa na habari ya kuweka mbegu miaka miwili, lakini jambo moja alikuwa nalo lililonishangaza kuliko majivu. Mwaka ule wa njaa, nyumbani kwake walilala na uji mwembamba, na vichala vya mahindi ya mbegu vilining'inia juu ya vichwa vyao. Nilimuuliza kama hakushawishika. Alinitazama kama vile nimemuuliza kama angeweza kumpika mtoto. Wazee wake walikuwa wameiona njaa iliyofuata Vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905, ambapo Wajerumani walichoma vyakula na maghala, na watu wakaendelea kufa hata bunduki ziliponyamaza, kwa sababu mvua ilikuja na hapakuwa na cha kupanda. Nimesoma baadaye kwamba Leningrad, mji ulipozingirwa na jeshi la Ujerumani kuanzia 1941 hadi 1944, wanasayansi wa taasisi ya mbegu iliyojengwa na Nikolai Vavilov walikufa kwa njaa huku wakilinda magunia ya mchele na ngano, wasiyale. Vavilov mwenyewe alikufa gerezani Saratov mwaka 1943. Siku hizi dunia ina ghala lake ndani ya mlima huko Svalbard, Norwei, lililofunguliwa 2008, ambamo mbegu zilizokaushwa sana hukaa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Nilipoliona katika televisheni nilikumbuka uchaga.

Kuhusu kukata vilele, nilijifunza kwa aibu zaidi. Sisi shuleni tuling'oa mchicha mzima na mizizi yake: tuta moja, fungu moja la mavuno, basi. Bibi aliukata. Mche ukifikisha majani sita au saba ya kweli, urefu wa shubiri hivi, alikata ncha kwa kucha, akaacha majani mawili matatu chini. Baada ya siku chache kila kikwapa cha jani kilitoa chipukizi, na machipukizi hayo nayo aliyachuma kabla hayajarefuka. Tuta moja lilimpa mboga kwa muda wa miezi miwili na zaidi. Majani ya maboga na ya kunde aliyafanyia vivyo hivyo. Nyanya aliitendea kinyume: aliacha kilele akapunguza vikonyo vya pembeni. Mahindi hakuyagusa, maana hindi ukilikata kilele umelinyima mbelewele zake, na bila mbelewele hakuna punje.

Sababu yake sayansi imeieleza. Ncha ya mmea hutengeneza kichocheo kinachoshuka shinani na kuyalaza machipukizi ya pembeni. Mholanzi Frits Went alikithibitisha kichocheo hicho katika miaka ya 1920, na watafiti waliomfuata katika muongo wa 1930 wakaonyesha kwamba ndicho kinachowanyamazisha wadogo. Ukiondoa ncha, wadogo huamka. Lakini kilichoniuma si kutojua jina la kichocheo. Kilichoniuma ni kwamba nilijua. Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa. Tangu utotoni nilimwona akikata kilele cha mbuni ulipozidi kimo chake, ili utanue matawi na buni zichumike bila ngazi. Nimemshikia kikapu akifanya kazi hiyo. Nikaja Dar es Salaam, nikamkuta mtoto anafanya jambo lile lile kwa mchicha, nikaliita uharibifu, kwa vile halikuwa ndani ya daftari.

Niseme wazi nilichofanya baada ya siku ile ya vitambaa. Nilimwomba radhi bibi. Akanijibu, "Mimi hukunichapa. Mwambie mwenyewe." Niliitikia kwamba nitamwambia. Jumatatu gwaridani nilimwona kiranja wangu amesimama mstari wa mbele, shati limechomekwa vizuri, na maneno yakanikwama. Enzi zile mwalimu hakumwomba radhi mwanafunzi. Hilo ndilo nililojiambia. Nikatangaza tu kwamba tutasia upya, na kwamba mbegu zitatoka kwa wazazi. Tukasia mbegu za bibi, zikaota, bwana shamba akaja akasifu, jina langu likaandikwa katika ripoti. Mvulana alimaliza darasa la saba 1976. Sikumwambia kitu.

Miaka ikapita. Elimu ya msingi kwa wote ikaanza 1977, madarasa yakafurika, mashamba ya shule yakaliwa na majengo. Kampuni ya taifa ya mbegu, Tanseed, iliyoundwa 1973, ilisambaza mahindi bora, tukaanza kusahau uchaga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaingia dumuzi, aliyetambuliwa kwanza mkoani Tabora, mdudu kutoka Amerika ya Kati, ambaye kwa jinsi anavyokula watu walimpachika jina la lori, Scania. Yeye alipenda hasa mahindi yaliyoachwa kwenye gunzi, yaani vile vichala vyetu vya juu ya uchaga. Wakulima wakashauriwa kupukuchua na kutia dawa. Kwa hiyo sisemi kwamba kila la zamani lilikuwa bora. Adui mpya akija, hata bibi hubadili. Mwaka 1983, katika Operesheni Nguvu Kazi, vijana wasio na kazi walikamatwa mijini wakapelekwa mashambani. Kijiji kimoja cha ujamaa kilichokuwa kimeanzishwa miaka ya mwanzo ya 1970 ng'ambo ya Kigamboni, kwa ajili ya watu wa namna hiyo hiyo, kinaitwa Gezaulole, maana yake kwa Kizaramo ni "jaribu uone". Nimelipenda jina hilo kuliko majina yote ya vijiji vya wakati ule. Na katika miaka hiyo mishahara ilipokuwa haifiki tarehe 15, walimu, makarani na hata maofisa walilima mchicha barazani na kufuga kuku nyuma ya nyumba. Mimi na mke wangu tulisomesha watoto kwa matuta manane.

Kila shule niliyoiongoza, mpaka nilipostaafu 2010, mwanafunzi hakusia mbegu kabla ya kuzijaribu katika kitambaa kibichi, 20 kwa 20. Zikiota chini ya 15, tulisia kwa wingi zaidi. Zikiota chini ya kumi, tulizitupa. Wakaguzi walilisifu zoezi hilo. Waliponiuliza nimelipata wapi, nilijibu kwamba ni la wenyeji wa hapa. Hivi leo mbegu huuzwa zimefungwa vizuri, nyingine na lebo ya TOSCI, na mtu anayenunua mbegu chotara hana haja ya kuhifadhi punje zake, kwani kizazi cha pili hakitafanana na mzazi. Ila mchicha wa kawaida bado unaweza kuuvunia mbegu mwenyewe, na ukaziweka kwenye chupa, alimradi zimekauka kweli kweli kwanza.

Bibi alifariki katika miaka ya 1980. Bondeni pake sasa pamejengwa, na kila masika nyumba hizo huingia maji.

Mwaka 2016 nilikuwa Mbagala, barabarani, natafuta miche ya bilinganya. Mwenye kitalu alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye mvi chache. Alinitazama, akasimama wima. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba." Sikumtambua mpaka aliponitajia shule na mwaka. Nikauliza habari za familia, naye akauliza habari zangu, tukazungumza juu ya mvua na bei ya samadi. Kisha nikamwambia. Sikuwa nimejiandaa, ila nililisema lote, pale pale kati ya viroba vya udongo, na dereva mmoja wa bodaboda akisikiliza. Nikamwambia kwamba mbegu zilikuwa zimekufa kabla hazijatiwa ardhini, kwamba nililijua hilo tangu wiki ile ile, na kwamba nilikosa.

Alinyamaza, akaendelea kumwagilia. Halafu akasema, "Zile nne nilizisahau, mwalimu. Watu wote walichapwa. Zile mbili ndizo ninazozikumbuka."

Sikuwa na la kujibu, na yeye hakungoja jibu. Akanichagulia miche kumi, akaitazama mizizi ya mmoja mmoja, akanifungia katika gazeti. Nilipotoa pesa nilidhani pengine atapunguza, kwa ajili ya zamani. Alihesabu, akanirudishia chenji yangu kamili. "Ikishika ardhi, ikate vilele," akasema. "Miwili uiache, ya mbegu."